Kampala ya Mchana na Kampala ya Usiku

Katika somo la jiografia tulionyeshwa hesabu ya watu wa Uganda ya mwaka 2024. Wilaya ya Wakiso ina watu zaidi ya milioni 3.4, na Kampala, jiji kuu lenyewe, karibu milioni 1.8 tu. Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana kwetu ni Wakiso.

Kila alfajiri baba hupanda teksi kwenda kazini Kampala, hurudi giza limeingia. Hesabu ilifuata mahali mtu alipolala usiku wa tarehe 9 Mei, basi aliandikwa Wakiso. Si kosa. Lakini mchana kutwa hutumia barabara, maji na vyoo vya Kampala. Jiji likipanga mambo yake kwa hesabu ya usiku halimwoni, naye ni mtu mnene!

Marekani walilikuta jambo hili zamani. Tangu hesabu yao ya 1950 huunganisha mji mkubwa na kaunti za jirani ambazo watu wake wengi huenda kufanya kazi mjini, zikawa eneo moja la takwimu. Mipaka ya utawala haiguswi. Nasi tunao mwanzo: sheria ya Kampala ya 2010 ilizitaja Wakiso, Mukono na Mpigi pamoja na jiji kwa ajili ya mipango. Naona hesabu tunazosomeshwa zizitaje pamoja vilevile, na wanaovuka mpaka kila asubuhi wahesabiwe.

Mwenzangu mmoja asema Wakiso itamezwa. Imezwe na nani, nasi ndio wengi?