Breki ya kwanza iko kwenye gia, si mguuni

Kuna imani imeshika sana kwa madereva wa Probox na malori kutoka Kitale hadi Kakuma. Ukifika mteremko, toa gia, weka fri, gari lijitembeze, mafuta yabaki kwenye tangi. Wengi wanaona huo ndio ujanja wa dereva aliyeiva. Kwangu mimi hiyo ni kamari, na mbaya zaidi, hata ukishinda hulipwi kitu.

Nianze na hayo mafuta. Magari mengi ya siku hizi yanapimiwa mafuta na kompyuta. Ukiachilia eksileta gari likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanazungusha injini, na kompyuta inakata mafuta. Ukiweka fri, injini inabaki peke yake, kwa hivyo inaendelea kunywa ili isizime. Umehatarisha abiria wako kwa hasara, mazee!

Sasa tuangalie mlima wenyewe. Kapenguria iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Lodwar iko kama mita 500. Katikati kuna Kamatira na mteremko wa kwenda Marich, na huo urefu wote lazima uushuke. Mimi chuo nilikiacha kabla ya kumaliza, lakini hii haihitaji digrii. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Ukizikanyaga kilomita baada ya kilomita, pedi zinaungua hadi zinapoteza mshiko, na mafuta ya breki yanaweza kuchemka. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, pedali inazama mpaka chini na gari linazidi kwenda. Halafu tunaambiwa "breki zilikataa." Mara nyingi hazikukataa, zilichoshwa. Salgaa kule Nakuru ilipata jina baya miaka mingi kwa sababu ya malori yaliyokuwa yakiteremka bila gia.

Dawa ni rahisi. Punguza gia kabla ya kuanza kushuka, si ukishafika katikati. Gia ambayo ungepandia mlima huo ndiyo ya kuushukia. Injini ishike gari, breki iwe ya kusaidia: kanyaga kwa nguvu kiasi hadi spidi ishuke, kisha achilia zipoe. Usiuning'inize mguu hapo safari nzima. Na klachi je? Wengi hukanyaga klachi na breki pamoja kila wakipunguza mwendo. Klachi ikishakanyagwa, injini imetengana na magurudumu, hiyo ni fri kwa jina lingine. Anza na breki, klachi ije mwisho, gari likikaribia kusimama.

Utaniambia Lodwar hadi Kakuma ni tambarare, Kamatira iko mbali. Sawa, lakini tambarare nayo ina mtego wake. Barabara imenyooka, unafika 100 bila kusikia. Kwa spidi hiyo unakula karibu mita 28 kila sekunde. Ngamia akitokea, sekunde moja na nusu ya kushtuka imekuchukua mita 42 kabla breki haijaguswa. Ukiongeza spidi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unaongezeka mara nne.

Na kwenye njia za mchanga na changarawe upande wa Kerio, kukanyaga breki kwa hofu hufunga magurudumu, hasa kwa magari ya zamani yasiyo na ABS. Gurudumu lililofungwa halikati kona hata uzungushe usukani vipi. Achilia kidogo lizunguke, ndipo usukani utakusikiza. Ukiona laga mbele, punguza mwendo mapema na uingie ukiwa tayari kwenye gia ndogo. Ukivuka maji, gusa breki polepole zikauke. Laga linalotiririka kwa nguvu usiliguse kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba haya hatufundishwi. Kijana anaweza kupata leseni kwa kusukuma kigari cha kuchezea kwenye ubao na kuzunguka mjini mara chache, bila kushuka mlima hata mmoja. Kesho anapewa funguo za gari lililojaa watu. NTSA wanapaswa kufanya kushuka mlima kwa gia kuwa sehemu ya mtihani, hasa kwa anayetaka kuendesha lori au matatu. Na wenye magari waache kumsifu dereva kwa mafuta aliyobakisha.

Tukingoja hayo, abiria wenzangu, tuna masikio. Gari likiteremka kwa kasi na injini imenyamaza, jua dereva ameweka fri. Toa simu masikioni, mwambie arudishe gia. Akikasirika, akasirike. Mtafika Lodwar mkiwa mmenuniana, lakini mtafika.