REDIO NI YAKO, MASIKIO YA JIRANI SI YAKO

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu katika imani, maneno ya leo ni yetu sisi tunaoswali. Zimerudi redio kubwa za kubeba mkononi, zenye umbo la redio kaseti za zamani: mshikio juu, spika mbili mbele. Lakini ndani mna Bluetooth, tundu la flashi na betri ya kuchaji, hata kwa sola.

Kuwa nayo si dhambi. Kabla ya intaneti, mawaidha ya Sheikh Nassor Bachu wa Zanzibar, Allah amrehemu, yalitufikia kwa kaseti. Kifaa hakina kosa. Kosa ni la mkono unaozungusha kitufe cha sauti.

Muislamu anafungulia redio mpaka bati linatetemeka. Akiambiwa apunguze, hakosi hoja. Tuzitazame.

HOJA YA KWANZA: "Niko nyumbani kwangu."

Wewe uko kwako, lakini sauti yako iko kwa nani? Surat An-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Mguu wako unabisha hodi mlangoni, halafu besi yako inapita ukutani mpaka kitandani kwa watu! Zamani mwenye kutaka habari za Radio Tanzania alikwenda mwenyewe kukaa barazani kwa mwenye redio. Leo redio inamfuata asiyeitaka.

HOJA YA PILI: "Ni mchana, nani amelala?"

Ukiishi Mugango, hoja hii usiitamke kabisa. Sisi ni watu wa ziwa. Siku za giza, mvuvi wa dagaa anatoka jioni na taa zake, anakesha majini, anarudi alfajiri. Usiku wake ni saa nne asubuhi. Ukimnyima usingizi huo, jioni anapanda mtumbwi macho mazito, na ziwa halimsamehi anayesinzia. Hapo hujamkera tu, umeweka roho yake hatarini. Na bado kuna mgonjwa, kuna mama mwenye kichanga, kuna mwanafunzi wa mtihani.

HOJA YA TATU: "Lakini mimi naweka Qur'an."

Hapa ndipo wengi tunapojificha, na hapa ndipo pazito zaidi. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba Mtume ﷺ alikuwa kwenye itikafu msikitini, akawasikia watu wakisoma kwa sauti za juu. Akafunua pazia, akawaambia kuwa kila mmoja wao ananong'ona na Mola wake, basi wasiudhiane wala wasinyanyuliane sauti katika kisomo. Fikiri, ndugu yangu: ni Qur'an, ni msikitini, wasomaji ni Maswahaba, na bado walizuiwa kuudhiana. Wewe na flashi yako umepata ruhusa wapi?

Kisha Surat Al-A'raf, aya ya 204, inatuamrisha Qur'an inaposomwa tuisikilize na tunyamaze. Wewe umeifungulia uani, unafua, unapiga soga, unagombana na watoto. Husikilizi wewe, na jirani aliyechoka umemfanya ayachukie maneno ya Mola wake. Asiyekuwa Muislamu ndiyo kabisa: umeufunga moyo wake kabla hujamlingania hata neno moja. Hiyo si da'wah.

HOJA YA NNE: "Mbona wao wanatupigia muziki usiku kucha?"

Surat Al-Maida, aya ya 8: chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Anayekuudhi, zungumza naye kwa upole. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nchi ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za kelele na mitetemo za 2015. Kulipiza kelele kwa kelele hakuponyi sikio la mtu. Na haki ya jirani haiangalii dini: Abdullah bin Amr, Allah amridhie, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, alisisitiza kuuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, fungulia redio kwa sauti uliyoizoea, kisha toka nje ukasimame mlangoni kwa jirani. Ukisikia maneno, punguza. Ukisikia mdundo tu, punguza besi, maana besi ndiyo inayopenya ukuta.

Pili, usiiweke dirishani wala kwenye ukuta mnaochangia.

Tatu, muulize jirani yako analala saa ngapi. Swali hilo tu ni wema.

Nne, ukiweka Qur'an, kaa chini uisikilize. Ukiwa na shughuli, izime.

Mtume ﷺ aliapa kwa Allah mara tatu kwamba haamini yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Hadithi iko Bukhari. Hakubagua shari ya mkono, ya ulimi wala ya spika. Usije Siku ya Kiyama na swala zako na funga zako, ukamkuta mvuvi wa nyumba ya pili anakudai usingizi wake.

Allah atujaalie tuwe majirani wanaotamaniwa, si wanaohamwa. Aamin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako, kwa sauti ya chini.