Upasuaji wa matundu madogo ufike mikoani

Septemba 1980, mjini Kiel, Ujerumani, Kurt Semm aliondoa kidole tumbo kupitia matundu madogo, bila kulipasua tumbo. Alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake, na baadhi ya wapasuaji walimshambulia vikali. Leo njia hiyo hutumika hata kukata kipande cha utumbo mpana chenye saratani, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kuwa ugonjwa haurudi zaidi kuliko baada ya upasuaji wa kawaida.

Kwa mama lishe au dereva wa bodaboda, faida kubwa ni siku. Kidonda kidogo hakiumi sana, hakitungi usaha kwa urahisi, na mgonjwa hurudi mapema kwenye riziki yake. Ndiyo maana inatuuma kuona huduma hii nchini Tanzania ikijikita zaidi katika hospitali kubwa za mijini. Kununua kamera ya kuonea ndani ya tumbo hakutoshi. Inahitajika gesi ya kujaza tumbo, umeme usiokatika, fundi wa vifaa na, zaidi ya yote, madaktari na wauguzi waliofundishwa wakaiva. Wizara ya Afya ianze na mafunzo hayo katika hospitali za rufaa za mikoa, na bima igharamie upasuaji huu.