Kazi ya kundi darasani: Mmoja anaandika, saba wanabebwa

Morogoro. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu, na wakazi wa kata ya Mafiga, Manispaa ya Morogoro, hawahitaji kutafsiriwa. Lakini ingia darasani siku ya kazi ya kundi, hapa Mafiga au kwingineko nchini: mara nyingi chungu kizima kimekaa juu ya figa moja.

Aliyesoma shule ya kutwa anaijua hadithi. Mwalimu anagawa wanafunzi wanane wanane, anatoa swali na tarehe ya kukusanya. Mwenye mwandiko mzuri anaandika yote usiku, wengine wanaongeza majina. Alama ni moja kwa wote. Yaani hapo hakuna aliyejifunza kushirikiana. Wamejifunza kubebana, na aliyebeba amejifunza kununa kimyakimya.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024, na mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023. Ahadi yake ni ujuzi badala ya kukariri. Tatizo ni kwamba ahadi hiyo si ngeni: mtaala wa kujenga umahiri uliingia sekondari tangu 2005.

Kinachokwamisha kinajulikana. Tangu ada ifutwe hadi kidato cha nne Januari 2016, madarasa ya shule nyingi za umma yamejaa. Mwalimu mwenye makundi kumi na vipindi viwili vya dakika 40 atakaa na kundi lipi?

Halafu kuna lugha, ambayo haizungumzwi sana. Mtoto anayetoka shule ya msingi ya Kiswahili akiingia kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza. Kwenye kundi, mwenye Kiingereza anageuka msemaji, hata kama wazo zuri liko kwa aliyenyamaza pembeni. Stadi ya kujieleza inakwenda kwa yule aliyekuwa nayo tayari.

Na kuna mtihani. Baraza la Mitihani (Necta) liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora kwenye matokeo ya kidato cha nne ya 2022, hatua nzuri ya kupunguza mashindano. Hata hivyo, kwenye chumba cha mtihani kila mtu bado yuko peke yake, na mzazi anauliza daraja.

Wapo wanaosema tabia haipimiki. Si kweli. Mwaka 2022 tathmini ya ALiVE ilipima ushirikiano, heshima, kujitambua na kutatua matatizo kwa vijana wa miaka 13 hadi 17 Tanzania, Kenya na Uganda.

Kwa shule ya Mafiga mada ipo mlangoni: maji ya Bwawa la Mindu yanasafishwa kwenye mtambo uliopo hapohapo. Mwanafunzi mmoja achore njia ya maji kutoka bwawani, mwingine ahoji majirani siku bomba likikauka, wa tatu atunze kumbukumbu, kisha wabadilishane. Wa pili asipoleta kazi yake, somo ndiyo linaanza: kumwambia ukweli bila kumtukana, naye kukiri bila kutafuta visingizio. Mwalimu akikimbilia kiboko hapo, kaua zoezi.

Hili halihitaji bajeti. Jaribio la bei rahisi kabisa ni mwalimu kuchagua mwasilishaji siku ileile, bila kumtaja mapema, na kuruhusu majadiliano ya kundi kwa Kiswahili kabla ya kuwasilisha kwa Kiingereza. Yule aliyeandika usiku peke yake itabidi awaeleweshe wenzake saba kabla ya kengele, maana alama yake iko mdomoni mwa mmoja wao.