Namba ya Kifaa Si Kiasi cha Fedha

Nchini Marekani wapo watu wanaojitengenezea nyumbani "maji ya fedha" (madini, si zile za mfukoni). Nyaya mbili za fedha huunganishwa na betri, zikazamishwa katika maji yaliyokenekwa. Kisha huchovywa kipima upitishaji umeme cha bei nafuu; kikionyesha 10, chupa huandikwa miligramu 10 kwa lita.

Namba hiyo haistahili kuaminiwa. Kifaa hicho hakipimi fedha, bali wepesi wa umeme kupita majini, na wabebaji wa umeme huo ni ioni. Chembe za fedha ambazo hazikuyeyuka, ambazo ndizo koloidi yenyewe, hakizihesabu. Namba yake hutokana na kigezo kilichokadiriwa kwa chumvi za kawaida. Hewa ya ukaa ikiingia majini, namba hupanda. Joto likizidi kwa digrii moja, upitishaji huongezeka kwa takriban asilimia 2. Naye atiaye chumvi ili kuharakisha kazi huishia kupima chumvi yake, huku fedha ikigeuka kloridi na kutuama chini.

Kosa hilo lina gharama mwilini. Shirika la mazingira la Marekani liliweka kikomo cha maikrogramu 5 za fedha kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 0.3, yaani mililita 30 tu za maji yenye miligramu 10 kwa lita. Iwapo kiasi halisi ni 40, kipimo kile kile kimevuka kikomo mara nne. Fedha inayozidi hujilimbikiza ngozini na kuleta argiria, rangi ya kijivu-buluu isiyofutika. Stan Jones, aliyegombea useneti huko Montana mwaka 2002, aliipata kwa kunywa maji aliyojitengenezea.

Maabara yenye spektrometa ingetoa jibu sahihi, lakini usahihi huo haugeuzi maji kuwa dawa. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamua kwamba dawa za koloidi ya fedha zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala zenye kufaa. Mgonjwa anayetumia thairoksini au tetrasaiklini ana sababu ya ziada ya kuiweka kando chupa hiyo: fedha huweza kuzuia dawa hizo zisifyonzwe, na daktari asiyeuliza juu ya chupa atadhani dozi yake ndiyo iliyoshindwa.