Mtoto Mgonjwa wa Akili Asiachiwe Mama Peke Yake

Oktoba unapoingia na mabibo kuanza kudondoka chini ya mikorosho, toka Makote na Kitangari wilayani Newala hadi uwanda wa Masasi, mkoani Mtwara, kila mwenye nguvu huamkia shambani, kwa kuwa korosho iliyolala chini siku nyingi hushuka daraja, na daraja likishuka bei hushuka nalo. Lakini yuko mama asiyeweza kufuatana na wenzake, kwa sababu mwanawe wa miaka tisa au kumi hupiga mayowe usiku kucha, huuma na kupiga watu, hutoroka akakimbilia barabarani bila ya kujua hatari, wala hapana mtu mwingine katika mji ule aliye radhi kukaa naye hata saa moja. Mama huyo ana hiari mbili: aache mazao yake yaharibike, au amfunge mtoto kamba kwenye nguzo ya nyumba mpaka atakaporudi. Aghalabu sisi tupitao njia huiona kamba hiyo, tukamlaani aliyeifunga, tukaenda zetu. Kamba ni dhuluma kwa mtoto, na sina neno la kuitetea. Lakini lawama inayomwangukia mama peke yake, ilhali ukoo, kijiji na halmashauri vimejiweka kando, haina insafu.

Watu husema kwamba mtoto wa namna hii ameharibiwa kwa kudekezwa, au ana jini, au amerogwa kwa ajili ya uhasama wa wakubwa zake. Lakini maradhi ya akili ya watoto hayana asili moja. Wako waliozaliwa nayo, wako walioumia wakati wa uzazi mgumu, na wako walioyapata baada ya malaria kali iliyopanda kichwani, ambayo wazee wetu waliita degedege. Uchunguzi uliofanywa kwa miaka mingi Kilifi nchini Kenya, na Kampala nchini Uganda, umedhihirisha kwamba baadhi ya watoto wanaonusurika malaria ya ubongo hubaki na kifafa, au hupungukiwa na usemi na fahamu, au hugeuka tabia wakawa wenye hasira, wasiotulia na wepesi wa kupiga. Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi katika Tanzania. Basi mama aliyemshukuru Mungu kwa kumponya mwanawe na homa ile huenda akajikuta, baada ya miezi kupita, analea mtoto ambaye kama si sura yake asingemtambua. Na jirani asiyeijua habari ya homa humwuliza ni malezi gani haya.

Kwa desturi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba na bibi wana sauti kubwa katika mambo ya mtoto. Wao ndio mara nyingi wanaoamua apelekwe kwa mganga gani, na kama ataingia jandoni pamoja na wenzake au ataachwa nyumbani. Simdharau mama anayeanza kwa mganga, kwa maana mganga yu karibu, humsikiliza, wala hamwambii kwamba dawa zimekwisha arudi mwezi ujao. Ninachotaka ni kwamba mjomba mwenye haki ya kuamua awe pia na wajibu wa kushika zamu, ili dada yake apate kulala usiku mmoja mzima na kwenda shambani siku ya pili akiwa na nguvu. Mamlaka yasiyo na zamu ni mzigo mwingine juu ya mwanamke aliyekwisha kulemewa.

Kwa upande wa matibabu, Hospitali ya Mirembe ya wagonjwa wa akili, iliyojengwa Dodoma mwaka 1927, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Masasi kwa njia ya Dar es Salaam, na safari ile pamoja na mtoto asiyetulia ndani ya basi ni adhabu kwa wote wawili. Ziko hospitali za karibu, kama Mkomaindo na Ndanda. Hata hivyo, maradhi haya hutaka dawa ya kila siku na uangalizi wa kila mwezi, na vitu hivyo vyafaa viwepo mahali ambapo mama anaweza kufika kwa miguu akiwa amemshika mtoto mkono, yaani zahanati ya kijiji. Jambo hili si ndoto. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, tangu mwanzo wa miaka ya 1960, tabibu Louise Jilek-Aall aliwatibu kwa dawa ya bei nafuu wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakitengwa na jamaa zao, ambao wengi wao walikuwa na makovu ya kuangukia motoni. Na katika miaka ya 1980 serikali ilijaribu Kilimanjaro na Morogoro mpango wa kuwafundisha watumishi wa zahanati kutibu maradhi ya akili. Kadhalika, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya matunzo maalumu, matibabu na elimu.

Fedha hazikosekani kabisa. Halmashauri hutoza ushuru katika mauzo ya korosho, korosho zile zile ambazo mama huyu anashindwa kuziokota. Nashauri sehemu ya ushuru huo itengwe katika makadirio kama fungu linalojitegemea: kwa akiba ya dawa za kifafa na za akili katika kila zahanati, kwa muuguzi mmoja aliyefunzwa, mwenye pikipiki, wa kuzunguka vijijini, na kwa posho ya mtu wa kushinda na watoto hawa wakati wa mavuno. Madiwani wa Newala na Masasi wasiipange hesabu hiyo peke yao. Wanaojua dawa hukatika mwezi gani, na ni kazi gani mtu mmoja aweza kuifanya na mtoto kama huyu kwa siku moja, ni akina mama wenyewe. Waitwe katika kamati ya zahanati wakaulizwe, na siku hiyo atafutwe mtu wa kukaa na watoto wao.