Tuache Kuomba Tume, Tudai Sheria

Makamanda, kila damu inapomwagika kwenye siasa za nchi hii, wimbo ni ule ule. Sisi tunapaza sauti: "Tunataka tume huru!" Serikali inakaa kimya, halafu inaunda tume yake. Sisi tunaikataa, wao wanaendelea nayo, ripoti inapelekwa Ikulu, maisha yanasonga. Mpaka damu nyingine imwagike.

Leo nina jambo moja tu la kusema. Tuache kuomba tume. Tudai sheria.

Tuanze na sheria iliyopo, maana wengi tunaitukana bila kuisoma. Inaitwa Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 32. Chini ya sheria hii Rais ndiye anayeamua kama tume iundwe au isiundwe. Ndiye anayeteua mwenyekiti na wajumbe. Ndiye anayetoa hadidu za rejea, yaani nini kichunguzwe na nini kisiguswe. Kazi ikiisha, ripoti inarudi kwake. Sasa kama wanaolalamikiwa ni polisi na vyombo vya ulinzi, na Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu na ndiye anayemteua IGP, huo uhuru unatoka wapi? Hiyo ni kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Ndiyo maana tume iliyoundwa Novemba 2025 kuchunguza yaliyotokea kwenye uchaguzi wa Oktoba 29 ilizua maneno tangu siku ya kwanza. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji Mkuu mstaafu, Mohamed Chande Othman. Mimi sina ugomvi na elimu yake wala heshima yake. Lakini kwenye orodha ya wajumbe kulikuwa na IGP mstaafu na mtu aliyetoka kuwa Waziri wa Ulinzi. Mama aliyepoteza mwanaye kwa risasi aje akae mbele ya watu hao aeleze aliona sare ya nani? Hata malaika akiteuliwa kwa Sura ya 32, hadidu za rejea atapewa na Ikulu.

Na haya hayakuanza jana. Januari 26 na 27, 2001, wafuasi wa CUF walipigwa risasi Unguja na Pemba. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Baada ya Muafaka wa CCM na CUF wa Oktoba 2001, Rais Mkapa aliunda tume chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Tume ikahesabu vifo 31. Halafu? Hakuna askari aliyefungwa kwa mauaji yale. Tulipata hesabu ya maiti, haki hatukuipata.

Twende kwa jirani. Mwaka 2008 Mkapa huyo huyo alikuwa Nairobi pamoja na Kofi Annan na Graça Machel, wakiwapatanisha Kibaki na Raila. Kwenye makubaliano yale ndiko ilikotoka Tume ya Jaji Philip Waki. Wajumbe watatu, wawili kati yao siyo Wakenya. Ilihesabu vifo 1,133, lakini haikuishia kwenye kuhesabu. Ilisema hivi: ama Kenya iunde mahakama maalumu, ama bahasha ya majina iende The Hague. Februari 2009 wabunge wakaangusha muswada wa mahakama hiyo. Julai mwaka huo huo bahasha ikafika ICC.

Najua mtaniambia kesi zile zilikufa. Ni kweli, ya Uhuru Kenyatta iliondolewa Desemba 2014 na ya Ruto ikafutwa Aprili 2016. Mashahidi walitishwa, wengine wakageuka. Lakini tujifunze hapo hapo. Kwanza, kinachofuata baada ya ripoti kiandikwe kabla tume haijaanza kazi. Pili, shahidi alindwe kabla hajafungua mdomo. Kenya pia ilipata IPOA kwa sheria ya mwaka 2011, chombo cha kiraia kinachochunguza polisi. Kwetu askari akiua, anayeshika faili ni askari mwenzake.

Kuna mtu atauliza, si tuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora? Tunayo. Fungua Katiba, Ibara ya 130. Ibara ndogo ya (2) inasema tume hiyo inajitegemea na halazimishwi na mtu. Shuka mstari mmoja tu, ibara ndogo ya (3): hayo hayamzuii Rais kuipa maagizo. Uhuru unatolewa kwa mkono wa kulia, unachukuliwa kwa mkono wa kushoto.

Matokeo yake tunayajua. Septemba 7, 2017 Tundu Lissu alimiminiwa risasi mchana kweupe Dodoma, na mpaka leo hakuna aliyepandishwa kizimbani. Septemba 2024 Ali Kibao alishushwa kwenye basi, mwili wake ukapatikana Ununio. Rais aliagiza uchunguzi. Sasa agizo ni hisani, kiongozi anaweza kulitoa leo na kulisahau kesho. Sheria huwezi kuisahau hivyo, unaweza kushtakiwa kwa kuivunja.

Mtaani kwetu kuna mama ambaye mwanaye hajarudi tangu siku ya uchaguzi. Ametembea vituo vya polisi, hospitali na mochwari akiwa na picha ya kijana kwenye mkoba. Kituo kimoja walimwambia, "Mama, nenda nyumbani, atakuja." Mimi huwa napima kila pendekezo kwa kumfikiria yeye. Muswada tunaoutaka umsaidie nini?

Kwanza, asisubiri huruma ya mtu. Sheria iseme tume inaanza kazi yenyewe pale mtu anapouawa, anapotekwa au kupotea kwa sababu za kisiasa, na yeye awe na haki ya kufungua lalamiko moja kwa moja.

Pili, wajumbe wasiteuliwe na anayechunguzwa. Wapendekezwe na Chama cha Wanasheria, viongozi wa dini, vyama vya siasa na asasi za kiraia, wahojiwe hadharani, na aliyewahi kuongoza vyombo vya ulinzi asikae kwenye kiti hicho.

Tatu, tume iwe na meno. Iweze kumwita yeyote, kuingia mahabusu na mochwari bila kubisha hodi, kuchukua daftari za kituo na kumbukumbu za simu. Kumdanganya au kumficha mtu kuwe kosa la jinai.

Nne, ripoti itangazwe kwa umma kwa muda maalumu, siku 30 kwa mfano. Mwendesha Mashtaka akikataa kushtaki, atoe sababu kwa maandishi, na familia iweze kuzipinga mahakamani.

Tano, shahidi alindwe na watu wasio chini ya IGP, na familia zilipwe fidia.

Sasa hapa kuna neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Sheria hii itatugusa na sisi. Kijana wetu aliyechoma ofisi ya kata au nyumba ya mtu wa chama kingine ataitwa, na atajibu. Mimi nasema sawa. Tukidai tume inayochunguza upande mmoja tu, tutakuwa tumetengeneza Sura ya 32 yetu wenyewe. Mama yule hajali risasi au panga lilikuwa la chama gani.

Tusidanganyane kwamba ni rahisi. Mbunge mmoja anaweza kupeleka muswada binafsi, lakini tume inahitaji fedha, na Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia mambo ya fedha za umma mpaka Rais apendekeze kupitia kwa Waziri. Kwa hiyo mlango ule una kufuli, na ufunguo uko Ikulu. Kitakachoufungua ni shinikizo la watu wanaojua wanachodai.

Kwa hiyo makamanda, kazi ni hii. Kila tawi lisome Sura ya 32 na Ibara ya 130 kwenye kikao kijacho. Wanasheria vijana mlio kwenye chama, kaeni mwandike muswada wa kurasa chache, kwa Kiswahili, ambao mama lishe na bodaboda wataelewa. Kila kata iandike majina ya waliouawa na waliopotea, tarehe na mahali, kwa ridhaa ya familia, na orodha itunzwe mahali salama. Siku wakituuliza "mnataka nini?" tusijibu kwa kaulimbiu. Tuwape karatasi yenye vifungu.